NIA ZETU ZA MWAKA MPYA ZISIISHIE MDOMONI
(Hotuba iliyotolewa kwa jina la Baraza la Parokia, siku ya Yubile)



Kila Bonane tunatakiana heri, na kila mtu hujiwekea nia: kuacha pombe, kulipa deni, kupatana na jirani, kusali jioni pamoja na watoto. Lakini mara nyingi Kwaresima inakuta nia hizo zimekwisha kulala. Nia zilikuwa nzuri, ila hazikupewa miguu. Kwa hiyo tunapenda kuwaeleza njia nne.

Ya kwanza: tuanze na upatanisho. Katika Misa ya majimbo yetu, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, tunasikiliza kwanza Neno na mahubiri, ndipo tunatubu, tunapeana amani, na baadaye tunapeleka matoleo. Utaratibu huo unafaa hata nyumbani. Kabla ya kuweka nia, mume na mke wasameheane. Ndugu waliogawanyika juu ya shamba la baba yao waketi pamoja. Yubile ya Waisraeli, tunayoisoma katika kitabu cha Walawi, sura ya 25, haikuwa shangwe tu: katika mwaka wa 50 shamba lilirudia jamaa yake, na mtumwa alikwenda zake huru.

Ya pili: nia iwe moja, nayo iwe na kipimo. Anayesema «nitakuwa mtu mwema» hajui siku gani ataanza. Anayesema «kila Ijumaa nitamtembelea mgonjwa mmoja» anajua. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kilichopigwa chapa mwaka 1548, alifundisha kuchora mistari kwa ajili ya siku za juma, na kutia alama kila mara mtu anapoanguka katika kosa analotaka kuliacha. Hivyo analinganisha siku na siku, juma na juma. Kaye ya shule na kalamu vyatosha. Asiyejua kuandika atie punje za maharagwe katika kikopo. Nazo zitamwambia ukweli.

Ya tatu: tuichukue nia pamoja. Mwaka 1961 Maaskofu wa Kongo walichagua jumuiya hai kuwa njia ya kulijenga Kanisa letu. Basi kila shirika lichague nia moja: kumlipia yatima masomo, kutengeneza njia ya kisima, kumlimia mjane. Iandikwe, itiwe katika kikapu, ipelekwe altareni pamoja na matoleo. Isomwe tena mbele ya wote siku ya Pasaka, na mara nyingine kabla ya Noeli. Mzigo wa mmoja humwelemea. Ukibebwa na wengi hufika.

Ya nne: kila jamaa ijipatie msimamizi wa mwaka. Majina ya watakatifu na wenye heri yatiwe katika kikapu, na mtoto mdogo atoe moja. Katika nchi yetu hatukosi majina: Anuarite, aliyetangazwa Mwenye Heri mwaka 1985, Isidore Bakanja, mwaka 1994, na Floribert Bwana Chui, mwaka 2025. Huyu wa mwisho alifanya kazi ya kupima bidhaa mpakani Goma. Alikataa matabishi, asiruhusu mchele ulioharibika uuzwe kwa watu, na mwaka 2007 aliuawa akiwa na miaka 26. Nia yake ilikuwa fupi: watu wasilishwe sumu. Aliishika mpaka mwisho.

Ndugu wapendwa, tangu mwaka 1968 Kanisa huadhimisha tarehe 1 Januari kuwa siku ya kuombea amani duniani. Kati yetu wako waliokimbia vita, ambao nia yao ni moja tu: kurudi nyumbani. Mashirika yote yaiweke nia hiyo katika kikapu mbele ya nia nyingine zote, na mlango wa kila nyumba uwafungukie leo, wasingoje amani ije ndipo wapate pa kulala.

Watoto wetu watakapofanya Yubile yao, hawatauliza tulisema nini leo. Watatazama kile tulichotenda. Mungu atubariki sote. Amina.