Kifuniko cha Kopo: Ni Bati Lipi Lifaalo kwa Chakula?

Wazee wetu, mama zetu, nanyi vijana mlio madarasani, leo twataka kuzungumza nanyi habari ya kitu kidogo ambacho wengi wamekishika mkononi, wala si wengi waliokitazama vema. Kitu hicho ni kifuniko cha kopo la chakula.

Kila msimu wa njegere na wa mapichi, mtu apitaye Makambako, pale barabara ya Njombe na Songea inapokutana na njia kuu iendayo Zambia, huona magunia na ndoo zimepangwa zikingoja mnunuzi. Asipofika kwa siku chache, njegere hugeuka manjano na pichi hulainika hata zikatupwa. Jasho la miezi mingi hupotea hivyo. Ndipo mzee mmoja wa Makambako alipotuuliza: "Mwalimu, mabati ya kuezekea tunayo, na fundi wa kuyakata tunaye. Mbona tusijifanyie makopo wenyewe?"

Swali lile ni la mtu mwenye akili, na yatupasa kulijibu kwa haki. Tena yatupasa kwanza kuungama kosa letu wenyewe. Mwaka mmoja chuoni tuliacha maji ya plamu usiku kucha katika ndoo ya bati la kawaida. Asubuhi wanafunzi waliokunywa walishikwa na tumbo wakatapika. Wakapona, na sisi tukafundishika.

Neno bati ndilo lililotudanganya, kwa maana twaita vitu viwili kwa jina moja. Bati la kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki. Zinki huzuia kutu mvuani, lakini kitu kichachu huiyeyusha, nayo huingia katika chakula na kumdhuru mlaji. Bati la kopo ni chuma chembamba kilichopakwa madini ya bati yenyewe, ambayo wataalamu wengine huyaita stani, na ambayo huchimbwa hata hapa kwetu, huko Kyerwa katika Mkoa wa Kagera. Basi bati la paa lisitiwe chakula kamwe.

Kazi hii ya kuhifadhi chakula si ya jana. Mfaransa Nicolas Appert alitangaza mwaka 1810 njia yake ya kukichemsha chakula ndani ya chupa zilizozibwa, na mwaka uo huo Mwingereza Peter Durand akapata hati ya kutumia vyombo vya bati. Nchini Kenya, huko Thika, mananasi yalikuwa yakitiwa makoponi kabla ya uhuru wa mwaka 1963.

Sasa tutazame kifuniko kina kazi gani. Kazi zake ni tatu.

Ya kwanza ni kukunjika. Ukingo wa kifuniko na ukingo wa kopo hukunjwa pamoja mara mbili, kama pindo la nguo, na katikati hukaa ulimbo wa mpira. Bati likiwa gumu mno, pindo hupasuka; likiwa laini mno, pindo halikazi. Nanyi mwajua ya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa pindo hauonekani kwa macho, lakini kijidudu hupita.

Ya pili ni kustahimili nguvu. Njegere, maharagwe na nyama si vyakula vichachu, na ndani yake aweza kuishi kijidudu kiitwacho Clostridium botulinum, ambacho sumu yake huua. Kukiangamiza hakutoshi kuchemsha katika sufuria. Huku kwetu Njombe, juu ya milima, maji huchemka kwenye nyuzi 93 au 94 tu, wala si 100 kama pwani. Kwa hiyo makopo hupikwa katika mtungi wa mvuke uliofungwa, mpaka nyuzi 121. Mvuke unapofunguliwa, nguvu iliyo ndani ya kopo husukuma kifuniko kwenda nje. Ndiyo sababu kifuniko hupigwa pete za mviringo, ili kitutumke kidogo kisha kirudi mahali pake. Bati dhaifu likitutumka halirudi. Pindo hulegea, na maji ya kupozea huingia pamoja na uchafu wake.

Tena iko habari ya hewa. Hewa ya Njombe ni pungufu ya ile ya pwani kwa kadiri ya sehemu moja katika tano. Kopo lililofungwa Njombe likipelekwa Dar es Salaam hubanwa na hewa nzito ya huko. Na kopo lililofungwa pwani likipandishwa huku laweza kuvimba kidogo ingawa chakula ni kizima. Lakini mnunuzi hana njia ya kutambua uvimbe wa hewa na uvimbe wa sumu. Kopo lililovimba litupwe. Kwa hiyo mtengenezaji achague bati lenye nguvu ya kutosha safari zote mbili.

Kazi ya tatu ni kutogombana na chakula. Hapa ndipo uchaguzi ulipo, na metali zinazotumika ni tatu.

Moja ni chuma kilichopakwa bati. Unene wake wote mara nyingi ni kama milimita 0.2, na mpako wa bati ni kama gramu 2.8 kwa mita ya mraba kila upande, au zaidi kwa vyakula vikali. Gramu 2.8 ni mpako usiofika hata nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Basi ukikwaruzwa, chuma hubaki uchi. Pichi na mapeasi hukaa vema penye bati tupu, rangi yao ikabaki nzuri. Lakini plamu nyekundu hupauka, nazo zataka vanishi ndani. Kanuni ya chakula ya kimataifa yataka bati lisizidi miligramu 250 katika kilo moja ya chakula cha kopo.

Ya pili ni chuma kilichopakwa kromiamu, ambacho Wajapani walikitengeneza katika miaka ya 1960. Hakiwezi kulehemiwa kwa risasi na bati, lakini kifuniko hakilehemiwi, hukunjwa tu, basi hapana hasara. Hakitumii bati, ambalo ni ghali. Vanishi hushika vema juu yake. Na kiberiti kilicho katika njegere na maharagwe hakikitii weusi upesi. Lakini sharti kipakwe vanishi pande zote mbili, la sivyo hushika kutu, hasa katika ukungu wetu wa Njombe.

Ya tatu ni alumini. Ni nyepesi, haishiki kutu, na hufunguka kwa kuvutwa kidole. Lakini chumvi na uchachu huitoboa vanishi ikiharibika, na kwa kuwa ni laini hutaka unene zaidi.

Basi shauri letu kwa mzee wa Makambako na wenzake ni hili. Kwa njegere, chagueni kifuniko cha chuma cha kromiamu chenye vanishi ya kuzuia weusi wa kiberiti. Kwa plamu, chuma cha bati chenye vanishi. Msinunue kwa kutazama mng'ao. Mwulizeni mwuzaji karatasi ya unene, ugumu, mpako na vanishi. Asiyekuwa nayo, mwacheni aende zake na bei yake rahisi. Jaribuni vifuniko vichache kwa chakula chenu wenyewe, vikae wiki kadhaa mahali pa joto, kisha vifungueni mtazame madoa. Lipasueni pindo kwa msumeno mwembamba mwone kama mikunjo imeshikana. Na kabla ya kuuza, nendeni kwa Shirika la Viwango Tanzania.

Nanyi wanafunzi, msidhani kemia ni maneno ya ubaoni tu. Siku moja mtu asiyewajua, mbali na hapa, atafungua kopo lililotoka Makambako na kuwalisha watoto wake. Hataona shamba wala kiwanda. Ataona kifuniko tu, naye atakiamini. Tumfanyie kazi inayostahili imani hiyo.