Volti, Ampea na Usalama wa Nyumba Yako

Leo tunapiga hesabu ya umeme wa nyumbani, hesabu inayookoa fedha na maisha.

Tuanze na birika la umeme. Hapa Uganda umeme wa nyumbani ni volti 240. Tuseme birika linavuta mkondo wa ampea 10. Kupata ukinzani wake, gawanya volti kwa ampea: 240 kwa 10, jibu ni omu 24. Kupata nguvu yake, zidisha: 240 mara 10, ni wati 2,400. Likiwaka saa nzima, mita ya Yaka, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, inakata uniti 2.4, maana uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja.

Umeme ukishuka jioni hadi volti 180, ukinzani unabaki karibu omu 24 zilezile. Mkondo unakuwa ampea 7.5, na nguvu wati 1,350 tu. Ndiyo maana maji yanachelewa kuchemka. Birika si bovu.

Zito zaidi ni usalama. Ekstensheni ya ampea 13 ukiichomekea birika la ampea 10 na pasi ya ampea 5 kwa pamoja, jumla ni 15. Waya unapata joto, na moto unaweza kuzuka. Soma wati zilizoandikwa kwenye kila kifaa, gawanya kwa 240 upate ampea, kisha jumlisha kabla ya kuchomeka. Na kazi ya nyaya mpe fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA.