Kizunguzungu na Kuanguka kwa Wazee Nyumbani: Tumpime Mzee Presha Akiwa Amesimama

Mada kwa semina ya watoa huduma za afya ya msingi, Dodoma

1. Utangulizi

Semina hii inafanyika katika mwezi wa Siku ya Wazee Duniani, inayoadhimishwa tarehe 1 Oktoba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo ni katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaoathirika zaidi ni wenye miaka 60 na kuendelea, ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliwatambua kuwa wazee.

2. Aina za kizunguzungu

Mnazijua, nazipitia haraka. Kipo cha sikio la ndani: chembe za chokaa zimehama mahali pake, na mgonjwa akijigeuza kitandani huona nyumba inazunguka kwa muda usiozidi dakika moja. Tiba yake ni kugeuzwa kichwa kwa hatua maalumu. Kipo cha kuyumba, kinachotokana na ganzi ya nyayo kwa wenye kisukari, mtoto wa jicho au udhaifu wa misuli. Na kipo cha kuona giza mtu anapoinuka, kwa sababu presha imeshuka. Hiki cha tatu ndicho hasa ninachotaka tukijadili.

3. Presha tusiyoipima

Tuchukue mfano wa bibi wa miaka 74 kutoka kijiji kimoja cha Chamwino. Amekuja kliniki kwa bodaboda, na tangu alfajiri hajanywa maji ili asihangaike njiani. Anasema, "Mwanangu, nikiamka tu kichwa kinazunguka." Anapimwa akiwa ameketi: 152/84. Anaongezewa kidonge cha pili, mara nyingi cha kukojosha, na kuagizwa arudi mwezi ujao. Hakuna aliyemsimamisha. Angesimamishwa, huenda tungesoma 118/70, na jibu la kizunguzungu lingekuwa mbele yetu.

Kipimo hakihitaji kifaa kipya. Mzee alale dakika 5, apimwe. Asimame, apimwe baada ya dakika 1 na tena baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, presha inaporomoka anaposimama.

Nimelisema hili vikaoni kwa miaka. Nimejibiwa kuwa foleni ni ndefu, kuwa fomu haina nafasi, kuwa tusubiri mwongozo. Naheshimu taratibu, wala simlaumu muuguzi anayehudumia foleni nzima peke yake. Lakini wakati tunasubiri, wazee wanavunjika nyonga, wanalazwa chali kwa miezi, na wengine wanamalizwa na vidonda vya mgongo au homa ya mapafu.

Mazingira yetu yanazidisha hatari. Hapa mvua hukatika takriban Mei hadi Novemba, na maji ni ya kuhesabu ndoo. Choo kiko nje, kwa hiyo mzee hujinyima maji kuanzia jioni ili asitoke usiku. Upungufu wa maji unashusha presha zaidi. Kidonge cha kukojosha alichokimeza usiku kinambana saa nane. Anainuka kwa haraka, gizani, anavuka kizingiti cha nyumba ya tembe na kigoda kilichosahauliwa njiani, miguuni ana ndala zilizolika. Kuanguka huko kulianzia kliniki.

4. Mapendekezo

(i) Kila mzee anayelalamika kizunguzungu, au aliyewahi kuanguka, apimwe presha akiwa amelala na akiwa amesimama.

(ii) Kadi ya kliniki iwe na mstari wa presha ya kusimama.

(iii) Dawa zote za mzee zikaguliwe kila ziara, zikiwemo za usingizi na alizonunua duka la dawa. Mzee asiache dawa mwenyewe.

(iv) Vidonge vya kukojosha vimezwe asubuhi.

(v) Mzee anywe maji kidogo kidogo tangu asubuhi, isipokuwa aliyepewa kiwango kwa sababu ya moyo au figo.

(vi) Akiamka aketi ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, achezeshe nyayo, ndipo asimame.

(vii) Familia imwekee ndoo yenye mfuniko chumbani, tochi karibu na mto, na fimbo yenye mpira chini.

(viii) Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akague njia ya kitandani hadi chooni: kizingiti, vigoda, madumu, nguzo ya kushikilia.

(ix) Kizunguzungu kinachoambatana na mdomo kwenda upande, ulimi mzito, mkono kulegea, maumivu ya kifua au kuzimia kipelekwe hospitali mara moja.

(x) Wauguzi wa zahanati wafundishwe kipimo cha kusimama kwa vitendo, na wasimamizi wakikague.

5. Hitimisho

Vizingiti, tochi na fimbo familia itavishughulikia tukiielekeza vizuri. Kipimo cha kusimama ni kazi yetu sisi. Naomba azimio la kwanza la semina hii liwe kukianza katika vituo vyetu wiki ijayo, kwa kuandika matokeo pembeni mwa kadi zilizopo, huku tukisubiri fomu mpya.