DEREVA NA DIZELI YAKE
(Maneno yaliyosemwa mbele ya madereva wa malori, Malaba)

Ndugu madereva na mataniboi,

Dizeli ikipungua, tajiri humtazama dereva kwanza. Hesabu yake mara nyingi ni ya kilomita tu. Saa za foleni hapa mpakani hazimo. Na injini ya lori kubwa ikinguruma bure hula karibu lita 3 kila saa. Ikinguruma kwa muda wa saa 10, lita 30 zimekwisha na gari halijasogea. Basi foleni ikisimama, zima injini. Saa za kungoja ziandike daftarini, uzionyeshe ofisini kabla mshahara haujakatwa.

Kabla ya safari pima upepo wa tairi zote zikiwa baridi. Tairi laini hula mafuta. Safisha au badilisha chujio la hewa. Moshi mweusi ni dizeli isiyoungua vizuri. Kaza turubai lisipeperuke. Barabarani tazama mbele, uachie mafuta mapema kuliko kukimbilia breki.

Sasa jambo zito. Wako wanaotoa gia kwenye mteremko wa Sachangwan mpaka Salgaa, ati wanaweka akiba. Injini za siku hizi zenye kompyuta, gari likiwa ndani ya gia na mguu umeondoka, hukata dizeli zenyewe; ukitoa gia, zinaanza kula tena. Na breki peke yake haiwezi mzigo ule: hupata moto, ikashindwa. Wengi wamekufa pale.

Teremka ndani ya gia, ndugu, ufike kwako.