Dereva Aliye Peke Yake Usiku
(Maneno yaliyosemwa kwa madereva wa Werugha)



Tumekuja Werugha kwa kuwa wengi wenu ndio mnaoshusha kabichi na nyanya za milima hii mpaka soko la Kongowea, Mombasa. Ni safari ya zaidi ya kilomita 200, nayo hufanywa usiku ili mzigo ufike kabla ya alfajiri. Zamani lori lilikuwa na watu wawili. Siku hizi wako matajiri wanaomwachisha taniboi kazi ili kuokoa mshahara mmoja, na dereva huachwa peke yake.

Mteremko mnaujua, wengine wenu kuliko sisi. Mpaka Voi lori hushuka karibu mita 1,000, na sehemu kubwa ni kabla ya Mwatate. Shukeni kwa gia ndogo tangu juu, maana anayekanyaga breki mfululizo huzichemsha, na breki zilizochemka hazishiki. Ukungu ukitanda, tumieni taa za chini.

Kupita Voi kuelekea Maungu kuna tembo wa Tsavo. Tembo ana rangi ya vumbi, na usiku huonekana amekwisha kuwa karibu. Mkimwona mmoja, huenda wenzake wanamfuata. Simameni mbali, msipige honi, msishuke.

Lakini adui mkubwa ni usingizi. Lori likienda kilomita 80 kwa saa, hupita mita 22 kila sekunde. Macho yakifumba sekunde tatu, limekwenda mita 66 bila dereva, wala hakuna taniboi wa kukugusa bega. Hatari huzidi baina ya saa nane za usiku na saa kumi na moja. Miraa na muguka huzuia macho yasifumbe, lakini haziizuii akili kusinzia. Kufungua dirisha na kuimba ni kujidanganya. Dawa ni kulala. Ukiona umepita mahali wala hukumbuki kupapita, usingoje Mariakani. Simama penye watu na taa, funga milango, lala dakika 20. Na kabla ya kuondoka, mwambie mtu wa nyumbani saa unayotazamia kufika, ili ukikawia ajue pa kuulizia.

Tajiri atasema mnapoteza wakati. Basi mjue kwamba Sheria ya Trafiki ya Kenya, kwa marekebisho ya mwaka 2012, inakataza mtu kuendesha gari la biashara au la abiria kwa zaidi ya jumla ya saa 8 katika muda wa saa 24. Mwenye lori lililojaa akienda Mombasa na kurudi bila kulala, saa 8 huisha kabla hajaiona Mwatate. Tena saa za kupakia magunia mchana kutwa zimo katika hesabu hiyo, kama mwili nao unavyozihesabu.

Kwa hiyo twawaomba kila mmoja awe na daftari, aandike saa ya kupakia, saa ya kuondoka, saa ya kufika, na kama alikuwa na taniboi au hakuwa naye. Malalamiko ya mdomo matajiri huyakana. Daftari mleteeni katibu mwisho wa mwezi. Tunataka kuketi na matajiri kabla ya mvua za vuli, na jambo la kwanza tutakalolidai ni kurudishwa kwa taniboi.