Njia ya N'Djili: kwa nini tunaomba vyumba, si minibasi

Maneno ya kamati kwenye mkutano wa wanachama, Kinshasa



Wengi wenu mmeomba chama kinunue minibasi ya kupokea wanaorudi. Tumeliangalia jambo hilo pande zote, na jibu letu ni hapana.

Toka Gombe mpaka uwanja wa ndege wa N'Djili ni karibu kilomita 25 tu. Usiku wa manane unafika upesi. Mchana ni mambo mengine! Magari karibu yote yanapita Boulevard Lumumba: unaacha mnara wa Limete, unavuka mto N'Djili, unapita katikati ya Masina na N'Djili, pamoja na taksi, malori ya chakula na mawewa yanayojipenyeza kila pahali. Minibasi yetu, hata ikiwa mpya namna gani, itakwama palepale na wengine.

Tena kuna ule mto. Aprili 2025 ulifurika, watu zaidi ya 30 wakafa humu mjini, barabara ya uwanja ikakatika, abiria wakavushwa kwa mashua. Siku zile motokari ilimsaidia nani?

Njo maana tunapendekeza kupanga vyumba viwili Masina, ng'ambo ileile ya uwanja. Mama anayeshuka toka Ulaya na watoto na mizigo, naye kesho asubuhi anapanda ndege ya Lubumbashi, ana kazi gani ya kuvuka mto mara mbili? Alale Masina. Mwanachama anayekaa kule atamfuata kwa taksi. Vilevile sisi wa upande wa Gombe, tukisafiri asubuhi, tuvuke siku moja mbele. Ju ukichelewa, ndege haikungojee, na kununua tiketi nyingine ya Lubumbashi si mchezo kwa mtu ambaye ameuza vyote ili arudi.

Kuna wanaosema barabara za kuzunguka mji zinakuja. Ni kweli, kazi ilizinduliwa 2024. Zikifunguliwa, habari ya minibasi tutairudilia.

Kwa sasa wenye nyumba wanataka garanti mbele, na hiyo ndiyo inayotushinda. Mweka hazina anapokea michango kuanzia leo, hata kidogo. Na wanachama wa Masina wanaojua chumba safi chenye maji, tafadhali wabaki hapa baada ya mkutano.