Theluji Kama Majivu



Bibi yangu alikuwa akifukia makaa kwa majivu kabla ya kulala. Alfajiri huyafukua, hupuliza mara mbili, moto huo. Nilipoanza kusoma habari za ardhi iliyoganda ya Siberia na Alaska, nilimkumbuka yeye. Kule theluji ndiyo majivu. Imejaa hewa iliyonaswa kati ya chembe zake, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Theluji nene ikiwahi, joto la kiangazi hubaki limefukiwa ardhini. Ikichelewa, baridi hupenya hadi chini. Jua linaporudi, theluji hiyohiyo, kwa weupe wake, huurudisha mwanga angani na kuichelewesha ardhi kupata joto. Kwa hiyo mtu akiniambia hewa ya huko imepanda joto, namuuliza: theluji je? Ilianguka lini, ikafika kina gani?

Na chini ya theluji hiyo je? Mwaka 1828, mjini Yakutsk, Siberia, mfanyabiashara Fyodor Shergin alianza kuchimba kisima. Akachimba miaka na miaka, akapita mita 100, bado udongo umeganda, maji hakuna. Miaka ya 1840 mwanasayansi Alexander von Middendorff akapima joto la ardhi ndani ya shimo hilohilo, na kisima kikavu kikatoa elimu. Mwaka 1986 Arthur Lachenbruch na Vaughn Marshall nao walieleza walichosoma katika visima vya mafuta kaskazini mwa Alaska. Joto husafiri ardhini polepole mno, hata udongo wa chini ukawa bado unakumbuka baridi ya zamani. Kwa kumbukumbu hiyo walitambua kuwa uso wa ardhi ulikuwa umepanda joto kwa nyuzi 2 hadi 4 ndani ya takriban karne moja.

Jana mmoja wa wahitimu wetu wa jiografia alinieleza kuwa anataka kwenda kusomea ardhi hiyo, ila nyumbani wanamuuliza mtoto wa Pangani anafuata nini kwenye barafu. Anafuata kaboni. Udongo ulioganda wa kaskazini mwa dunia umefungia kaboni inayokaribia mara mbili ya iliyoko angani. Ukiyeyuka, vijidudu huila mizizi iliyolala humo maelfu ya miaka, gesi hupanda, na anga ni moja, yao na yetu.

Mama yake yumo humu ukumbini. Mama, nakuomba, mruhusu.